Kufuli la Miaka Ishirini: Historia ya Printa Inayochapa Vitu

Usiku wa tarehe 9 Machi 1983, mjini San Gabriel, California, mhandisi aitwaye Chuck Hull alimpigia simu mkewe, ambaye alishavaa nguo za kulalia, akamwomba aje maabara saa hiyo hiyo. Alichotaka kumwonyesha kilikuwa kikombe kidogo cha plastiki, kile cha kuoshea jicho, kidogo kiasi kwamba ungeweza kukifumbata kiganjani. Kikombe chenyewe hakikuwa na maajabu. Ajabu ni kwamba hakuna mtu aliyekichonga, wala hakikumiminwa kwenye kalibu. Mashine ilikuwa imekijenga tabaka juu ya tabaka kutoka kwenye kimiminika. Hull amesimulia baadaye kwamba alimwambia mkewe ingechukua miaka 25 hadi 30 kabla teknolojia hiyo haijaingia majumbani mwa watu.

Hesabu yake ilikuwa sahihi ajabu. Printa za 3D ambazo mtu wa kawaida angeweza kuota kuzinunua zilianza kuuzwa 2009, miaka 26 baada ya usiku ule. Mtu anaweza kusema ndivyo mambo yalivyo, sayansi hukua polepole kama mbuyu. Lakini ukiifuatilia historia hii utakuta sehemu kubwa ya miaka hiyo haikuliwa na sayansi. Mashine ilikuwapo na ilifanya kazi, ila ilikuwa imefungiwa kwa kufuli, na kufuli hilo lilikuwa na tarehe ya kufunguka. Sisi tunaoishi kwa kuagiza spea Dubai na China tuna sababu zetu za kuijua tarehe hiyo, na za kujiuliza nani anashika funguo leo.

Mchongaji, kalibu na mfinyanzi

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengi wetu tumeiona kwenye video fupi za simu tu na hatujui inafanyaje kazi.

Binadamu ana njia tatu za zamani za kutengeneza kitu. Ya kwanza ni ya mchongaji. Ukienda Mwenge pale Dar es Salaam utamkuta ameshika gogo la mpingo, anaondoa kisichotakiwa mpaka kinyago kijitokeze. Viwanda vingi vya chuma hufanya vivyo hivyo: vinakereza, vinatoboa, vinakata, na vumbi la chuma linabaki sakafuni. Njia ya pili ni kalibu: unayeyusha, unamimina, unasubiri kipoe. Ndoo, kandambili, kiti cha plastiki cha kwenye misiba na harusi, vyote vimezaliwa na kalibu. Njia ya tatu ni ya mfinyanzi anayejenga chungu kwa kamba ya udongo, duara juu ya duara, akipandisha ukuta kidogo kidogo. Huyu haondoi wala hamimini. Anaongeza.

Printa ya 3D ni mfinyanzi. Kwanza unachora kitu kwenye kompyuta, chenye urefu, upana na kimo. Kisha programu nyingine inakikata mchoro huo katika vipande vyembamba vya mlalo, kama mtu anayekata mkate. Kila kipande kinaweza kuwa na unene wa milimita 0.2. Kwa hiyo bakuli la kimo cha sentimita 10 ni vipande 500. Mashine inachapa kipande cha kwanza, inapanda juu kidogo, inachapa cha pili juu yake, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Inaweza kuchukua saa moja, inaweza kuchukua siku nzima.

Aina iliyoenea zaidi hutumia uzi wa plastiki, wenye unene wa milimita 1.75, uliozungushwa kwenye gurudumu kama waya wa umeme dukani. Uzi unasukumwa kwenye pua yenye moto wa nyuzi 200 hivi, unayeyuka, unatoka kwenye tundu jembamba la milimita 0.4, unaganda mara moja. Umewahi kumwona mpishi akiandika jina la bibi harusi juu ya keki? Ni kazi ile ile, isipokuwa huyu anaandika juu ya maandishi yake mwenyewe mara mia tano bila kuchoka. Na kama kitu kina sehemu inayoning'inia hewani, printa inaiwekea nguzo za muda za plastiki chini yake, kama mafundi wanavyosimamisha mirunda chini ya zege. Kikishaisha unazibandua.

Kuna aina nyingine pia. Ile ya Hull hutumia kimiminika kinachoganda kikipigwa na mionzi ya urujuanimno. Nyingine, iliyobuniwa na Carl Deckard, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, katikati ya miaka ya 1980, hutandaza unga na kuuunganisha kwa leza. Njia za unga ndizo zilizofungua mlango wa kuchapa chuma. Leo pua za mafuta za injini ya ndege iitwayo LEAP huchapwa kwa unga wa chuma. Pua ambayo zamani ingeunganishwa kwa vipande 20 hivi sasa hutoka ikiwa kipande kimoja, tena chepesi zaidi.

Lakini faida yenyewe iko wapi, ikiwa kalibu inatoa ndoo kila baada ya sekunde kadhaa na printa inahitaji saa nane? Faida iko kwenye idadi. Kalibu ni ghali, na mwenye kiwanda hawezi kurudisha fedha yake bila kumimina maelfu ya vitu vinavyofanana. Kwa printa, kitu cha kwanza kinagharimu sawa na cha elfu, na cha pili kinaweza kuwa tofauti kabisa na cha kwanza. Ndiyo maana imeshinda pale ambapo hakuna wawili wanaofanana. Maganda ya vifaa vya kusaidia kusikia, yanayokaa ndani ya sikio la mtu mmoja tu duniani, sasa karibu yote huchapwa. Madaktari wa meno huchapa vielelezo vya vinywa vya wagonjwa wao. Na spea iliyoacha kutengenezwa miaka 15 iliyopita, ambayo inatakiwa moja tu katika mji mzima, ni mteja halali wa mashine hii.

Waliofika kwanza

Hull hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Huko Nagoya, Japani, mtafiti wa taasisi ya viwanda ya manispaa aitwaye Hideo Kodama aliomba hataza mwaka 1980 na kuchapisha maelezo ya njia yake mwaka 1981: kimiminika, mwanga, matabaka. Hataza, kwa asiyezoea neno hilo, ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20. Kwetu Tanzania hushughulikiwa na BRELA. Kodama hakukamilisha hatua zilizotakiwa ndani ya muda uliowekwa, na ombi lake likafa kifo cha karatasi.

Ufaransa nako, wahandisi watatu, Alain Le Méhauté, Olivier de Witte na Jean-Claude André, waliwasilisha ombi lao tarehe 16 Julai 1984. Hull aliwasilisha lake tarehe 8 Agosti mwaka ule ule. Yaani Wafaransa walimtangulia kwa wiki tatu! Lakini waajiri wao hawakuona biashara yoyote ndani yake, wakaliacha.

Hull yeye alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya taa za urujuanimno, zilizotumika kukausha na kukazia tabaka la juu la meza. Mwajiri wake alimruhusu kuhangaika na wazo lake jioni na mwisho wa wiki, baada ya kazi za kawaida. Alipata hataza yake Machi 1986, akaanzisha kampuni ya 3D Systems, na kutoka kwake pia tukapata STL, aina ya faili inayoeleza umbo lolote kwa kuligawa katika pembetatu ndogo ndogo. Miaka karibu arobaini baadaye, faili za STL bado ndizo zinazosafiri kwenye simu na barua pepe za watu wa kazi hii.

Halafu kuna hadithi ya chura. Mwaka 1988 Scott Crump, mhandisi wa Marekani, alitaka kumtengenezea binti yake chura wa kuchezea. Alichukua bunduki ya gundi, akaipa mchanganyiko wa plastiki na nta ya mshumaa, akamjenga chura yule tabaka kwa tabaka jikoni kwake. Baadaye akawaza kazi ile ifanywe na mashine. Mwaka 1989 yeye na mkewe Lisa walianzisha kampuni ya Stratasys, na Oktoba mwaka huo akaomba hataza ya njia ya kuyeyusha uzi na kuutandaza. Alipewa mwaka 1992.

Kati ya njia zote, hii ya chura ndiyo rahisi kuliko zote. Haihitaji leza wala unga maalumu wala beseni la kemikali. Inahitaji mota chache, kipasha joto, na uzi. Fundi wa redio mwenye akili angeweza kuiunda. Lakini kwa miaka 20 aliyetaka kuiuza ilibidi apitie kwa mwenye chura, na printa zilibaki kwenye viwanda vya magari na ndege, ambako zilitumika kutengeneza vielelezo tu: mfano wa kioo cha pembeni, mfano wa mpini, wa kuonyesha bosi kabla ya kalibu halisi kukatwa. Bei zake zilikuwa za nyumba.

Hapa nisieleweke vibaya. Hataza si wizi. Hull na Crump walihatarisha fedha na ujana wao, na bila ahadi ya kulindwa huenda wasingefanya hivyo. Tena hataza kwa kawaida huishia mpakani mwa nchi iliyoitoa. Karatasi ya Washington haina nguvu Kariakoo. Kisheria, pengine hakuna aliyemzuia fundi wa Gerezani. Kilichomzuia ni kwamba kitu chenyewe hakikuwapo sokoni kwa bei ya fundi, wala michoro yake haikuwa mikononi mwa mtu aliye tayari kuitoa. Kufuli likifungwa kwenye ghala kuu, muuza genge naye hana mzigo.

Mashine inayozaa mashine

Mtu wa kwanza kulitikisa kufuli hilo kwa nguvu alikuwa mwalimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, Adrian Bowyer. Mwaka 2005 alianzisha mradi aliouita RepRap. Wazo lake lilikuwa la kichokozi: atengeneze printa inayoweza kuchapa sehemu nyingi za printa nyingine kama yenyewe, kisha michoro yote aiweke hadharani bure, chini ya leseni huria. Ukiwa nayo moja, unamchapia jirani sehemu zake. Sheria ya Uingereza haihesabu majaribio ya kitafiti kuwa uvunjaji wa hataza, kwa hiyo aliweza kufanya kazi yake waziwazi.

Mashine ya kwanza waliipa jina la Darwin, yule mwanasayansi wa mabadiliko ya viumbe. Mei 2008 Darwin mmoja alipata mtoto: sehemu zake za plastiki zilichapwa na mzazi, zikaunganishwa kwa mota, vyuma na skrubu za dukani, na mtoto naye akaanza kuchapa. Hata jina la njia lilikuwa limefungwa, maana lile lililozoeleka lilikuwa alama ya biashara ya Stratasys, ikabidi watu wa RepRap wajitungie jina lao.

Kisha ikafika 2009 na hataza ya chura ikaisha muda wake. Mlango ukafunguka, na nyuma ya mlango walikuwa wamesimama watu wa RepRap na michoro mkononi. Mwaka ule ule ilizaliwa MakerBot huko New York, ikiuza printa katika vipande vya kujiungia nyumbani. Mjini Prague, kijana Josef Prusa alirahisisha michoro ya RepRap mpaka jina lake likawa jina la mashine. China ikafuata kwa wingi wake. Kitu kilichouzwa kwa bei ya nyumba kikashuka hadi bei ya pikipiki, kisha ya simu nzuri.

Funguo zilipofika kwetu

Mfano unaonigusa kuliko yote ulianzia Afrika Kusini. Mwaka 2011 fundi seremala wa Johannesburg, Richard van As, alipoteza vidole vya mkono wake wa kulia kwenye msumeno. Vidole vya bandia vilivyokuwa sokoni vilikuwa na bei isiyosemeka. Mtandaoni akakutana na Ivan Owen, fundi wa Marekani aliyekuwa ameunda mkono mkubwa wa kimashine wa kuigizia. Walifanya kazi pamoja wakiwa mabara mawili, wakichota mawazo hata kwenye mkono wa bandia uliochongwa kwa mfupa wa nyangumi na daktari wa meno wa Adelaide, Australia, katika karne ya 19. Walipopata printa mbili za msaada, moja kila upande, kazi ya wiki ikawa ya siku: huyu anarekebisha mchoro, yule anaufungua asubuhi na kuuchapa. Mapema 2013 waliweka michoro ya mkono wa mtoto hadharani, bure. Kutoka hapo ukakua mtandao wa e-NABLE, wa watu wa kujitolea wanaochapa mikono kwa ajili ya watoto wasiowajua.

Tuseme ukweli: mkono ule si wa kubebea ndoo ya maji. Unashika chupa, unashika mpira, na wapo watoto wanaouvaa wiki mbili kisha wakauweka kabatini. Lakini mtoto anakua, na mkono wa bei mbaya haukui naye. Huu, akikua, unaongeza asilimia kadhaa kwenye kompyuta na kuchapa mwingine.

Uganda walikwenda mbali zaidi kwa kuanza na tatizo la mtaalamu badala ya mashine. Katika hospitali ya CoRSU, Kisubi, kati ya Kampala na Entebbe, kuanzia katikati ya miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzao walijaribu kuchapa kile kikombe cha juu cha mguu wa bandia, panapoingia kigutu. Ndiyo sehemu ngumu ya kazi, kwa sababu hakuna vigutu viwili vinavyofanana, na kikombe kisichokaa vizuri ni kidonda. Kwa njia ya zamani unafunga kigutu kwa plasta, unasubiri ikauke, unamimina, unachonga, unarudia. Karibu wiki nzima, na mgonjwa ametoka mbali, analala wapi? Kwa skana na printa kazi ikashuka hadi siku moja au mbili. Kumbuka mtaalamu hakuondolewa. Yeye ndiye anayejua pa kubana na pa kulegeza. Printa imemwachia muda wa kumwona mgonjwa wa pili.

Na kuna waliogeuza taka kuwa mashine. Lomé, Togo, mwaka 2013, Afate Gnikou aliunda printa kwa vipande vya kompyuta na skana zilizotupwa, kwa gharama ya takriban dola 100. Nairobi, Roy Ombatti, aliyesoma uhandisi Chuo Kikuu cha Nairobi, alianza na wazo la kuchapa viatu vya watu ambao miguu yao imeharibiwa na funza, miguu isiyoingia kiatu chochote cha dukani. Baadaye akawa mwanzilishi wa AB3D, inayounda printa hapo hapo Nairobi kwa vifaa vinavyopatikana, zikiwemo taka za kielektroniki. Dar es Salaam, vijana wa STICLab nao waliunda printa kwa taka za aina hiyo. Michoro ya kuanzia waliikuta mtandaoni, kwa sababu mwalimu mmoja wa Bath aliamua asiifungie kabatini.

Kilichobadilika hasa ni umbali. Desemba 2014, mwanaanga mmoja kwenye kituo cha anga za juu cha kimataifa alihitaji spana. Haikupelekwa na roketi. Ilichorwa duniani, faili likarushwa juu, na printa ya kule ikaichapa. Faili halilipi nauli wala ushuru wa bandari. Kama limefika kule, Ngara na Kigoma ni jirani tu.

Upande wa pili wa mlango

Mlango ulio wazi hauchagui wageni. Mei 2013 Mmarekani Cody Wilson aliweka mtandaoni michoro ya bastola ya plastiki aliyoiita Liberator. Ilipakuliwa zaidi ya mara 100,000 kabla serikali ya Marekani haijamtaka aiondoe, na kitu kilichopakuliwa mara hizo zote hakiondoki tena. Anayetaka uhuru wa faili la mkono wa mtoto hana budi kulitazama na hili bila kupepesa macho.

Na makufuli yenyewe hayakwisha, yamehama tu. Mwaka 2012 MakerBot, iliyokua kwa michoro na mawazo ya umma, ilitoa mashine mpya ambayo michoro yake haikuwekwa hadharani. Waliokuwa wakiichangia bure walijiona wamegeuzwa daraja la kuvukia. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikanunuliwa kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 403. Mnunuzi? Stratasys, kampuni ya chura. Januari 2025, Bambu Lab ya Shenzhen, ambayo printa zake zimependwa kwa wepesi wa kutumia, ilitangaza kwamba programu mpya ya mashine zake itahitaji idhini ya kampuni kwa baadhi ya amri zinazotoka kwenye programu za watu wengine. Wateja walipiga kelele mpaka kampuni ikaacha njia ya kando. Hebu fikiria: mashine umeinunua, iko mezani kwako, lakini inauliza ruhusa kwa mwingine.

Pwani yetu ina mfano wake. Kilifi, kwenye mtaa wa Mvule Gardens, kampuni ya 14Trees imejenga nyumba kwa printa kubwa ya kutoka Denmark, yenye fremu inayozunguka eneo lote la nyumba na bomba linalotandaza saruji badala ya plastiki. Nyumba kumi za kwanza zilikamilika kwa wiki kumi. Kuta zina mistari ya mlalo, tabaka juu ya tabaka, mwendo mfupi tu kutoka Gede, ambako wazee wetu walipandisha kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Ni kazi nzuri, na inapunguza saruji inayopotea. Lakini printa inachapa kuta. Msingi, paa, milango, mabomba na nyaya bado ni za mafundi. Na wino wake ni mchanganyiko maalumu wa Holcim, mmoja wa wamiliki wa 14Trees. Wazee wa Gede walichoma chokaa yao wenyewe. Hapa kufuli halipo kwenye mashine, lipo kwenye mfuko wa saruji.

Kwa upande wetu pia kuna vikwazo visivyo na hataza. Umeme ukikatika saa ya saba ya kazi ya saa nane, mara nyingi unatupa kila kitu. Uzi mwingi bado unaagizwa nje. Plastiki ya kawaida ya printa hulegea ukiiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani. Anayekuambia printa itamaliza viwanda, mwambie akachape tairi la daladala.

Nani atachora?

Basi chukua kitu kidogo cha kila siku: ile gia ya plastiki chini ya jagi la blenda. Inakwisha meno, na kwa ajili ya kitu cha uzito wa sarafu blenda nzima inakwenda jalalani, au unaizungukia Kariakoo nzima ukiambiwa modeli yako haipo. Mtu mwenye kipimo cha milimita, kompyuta na mchana mmoja anaweza kuichora. Akishaichora mara moja, imechorwa kwa ajili ya kila mwenye blenda hiyo kuanzia Mtwara hadi Bukavu. Ikivunjika baada ya miezi sita, anachapa nyingine. Na kinachofaa gia ya blenda kinafaa kishikio cha kitanda cha wodini na kifuniko cha mashine ya kukoboa.

Ndiyo maana naona mjadala wetu umekaa upande usiofaa. Tunahesabu printa: chuo hiki kimepewa tatu, kitovu kile kimezindua mbili, waziri amekata utepe. Historia inasema mashine ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi. Kodama alikuwa na mashine. Wafaransa walikuwa na wazo wiki tatu kabla ya Hull. Kilichoamua ni karatasi: nani ameandika, nani ameomba, nani amefungia, nani ameachia. Leo karatasi hiyo ni faili, na faili huanzia kwa mtu anayejua kupima kitu kilichovunjika na kukichora upya. Watu wa namna hiyo tunao tele, Gerezani, Kamukunji, kwenye karakana za VETA na SIDO. Wanajua kwa kugusa tu kwa nini gia ile ilivunjika pale na si hapa. Wengi wao hawajafundishwa kuchora kwenye kompyuta, na wanaofundishwa kuchora mara nyingi hawajawahi kushika gia yenye grisi.

Hawa wawili wakikalishwa meza moja, michoro itaanza kutoka kwetu, na itabidi tuamue wenyewe ipi tuifungie BRELA na ipi tuiache wazi kwa fundi wa mji wa jirani. Tusipowakalisha, printa zitaendelea kushuka bei na kujaa maofisini, zikichapa michoro ya watu wengine: vishikilia simu, na vyura vya kuchezea.